Samaki Mbichi na Mti Uliopinda: Kwa Nini Msomi wa Kiswahili Aisome Falsafa ya Kichina

Katika madrasa za pwani ya Afrika Mashariki kuna usemi mashuhuri unaomhimiza muumini kuitafuta elimu hata ikiwa iko Uchina. Wataalamu wa hadithi wameitilia shaka isnadi yake, lakini usemi wenyewe haujafa. Ajabu ni kwamba kila ulipotajwa, Uchina ilisimamia umbali tu. Ilikuwa mwisho wa dunia, mahali pasipofikika ila kwa taabu kubwa. Aghalabu hakuna aliyeuliza elimu hiyo iliyoko Uchina ni elimu ya nini.

Hali haijabadilika sana. Uchina inapotajwa nchini Kenya, zinazotajwa ni barabara, mikopo, simu na reli ya kutoka Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Katika hotuba za uhusiano mwema hutajwa pia twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Wachina kwa upande wao wamekuwa wakikisoma Kiswahili katika vyuo vya Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na redio yao ilianza kutangaza kwa lugha hiyo mwaka 1961. Mnamo mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza barani Afrika kufungua Taasisi ya Confucius, ambayo kazi yake kuu ni kufundisha lugha ya Kichina. Jina la mwanafalsafa limeandikwa mlangoni, ilhali wengi wanaoingia wamefuata lugha, na lugha wameifuata kwa ajili ya kazi.

Makala haya yanatoa hoja kwamba msomi wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuisoma falsafa ya Kichina, sababu isiyotegemea ajira wala diplomasia. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili falsafa hiyo iliishi nyumba moja na fasihi. Ilikaa katika semi fupi, katika visa, katika mafumbo na katika ufafanuzi wa matini kongwe. Nyumba hiyo ndiyo ambamo fikra za Waswahili nazo zimekaa. Anayetaka kujua jinsi hekima ya sampuli hiyo inavyoweza kugeuka kuwa hoja, badala ya kubaki pambo la kufungulia insha, atapata huko mfano ulio karibu naye kuliko mingi anayofundishwa darasani.

Swali la Kibali

Kwanza kuna swali ambalo Uchina na Afrika zimeulizwa kwa pamoja: je, mnayo falsafa? Katika mihadhara yake mjini Berlin katika miaka ya 1820, Hegel alimpuuza Confucius kuwa mtoaji wa mawaidha ya kawaida yasiyo na kina. Hegel huyo huyo ndiye aliyeiweka Afrika nje ya historia ya ulimwengu. Mwaka 2001, Jacques Derrida alipozuru Uchina, alieleza kwamba Uchina haina falsafa bali ina fikra. Hakukusudia dharau, kwani kwake yeye falsafa lilikuwa zao mahususi la Ugiriki na Ulaya. Hata hivyo, kauli hiyo ilizua mjadala mrefu miongoni mwa wasomi wa Kichina.

Ni kweli kwamba Wachina wa kale hawakuwa na neno moja la kusimamia falsafa. Neno wanalotumia leo, zhexue, liliundwa na Mjapani Nishi Amane katika karne ya 19 kwa herufi za Kichina, kisha likavuka bahari na kuingia Uchina. Mwaka 1919, Hu Shi, aliyekuwa amesomea Marekani, alichapisha historia ya falsafa ya kale ya Kichina kwa kutumia mizani aliyoipata ugenini. Kiswahili nacho kina neno “falsafa” kwa sababu Kiarabu kilikuwa nalo, na Kiarabu kililipata kwa Wagiriki. Kukosa jina la kitu si ushahidi wa kukosa kitu chenyewe.

Barani Afrika mjadala huu ulichukua mkondo unaojulikana. Mwaka 1945, Placide Tempels, kasisi wa Kibelgiji aliyehudumu Kongo, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa yeye na waliomfuata kwa kudhani kwamba jamii nzima inaweza kuwa na falsafa moja isiyo na mwenyewe, kana kwamba watu wote huwaza kwa sauti moja. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka alijibu kwa kuwaendea wazee wenye hekima, kuyaandika majina yao, na kupambanua kati ya yule anayerudia yaliyopokewa na yule anayeyahoji.

Uchina ina mchango wake katika mjadala huu. Urithi wake una majina, na zaidi ya majina una ugomvi. Kilichohifadhiwa ni nani alisema nini, nani alimpinga, na kwa sababu gani. Jibu lenye uzito kwa Hegel limo katika kumbukumbu hiyo ya mabishano.

Mti, Vikombe na Kisima

Chukua mfano wa swali moja tu: mtu huzaliwa mwema, mwovu, au huzaliwa hana hili wala lile? Katika karne ya 4 K.K., Mencius, mfuasi wa mafunzo ya Confucius, alishikilia kwamba maumbile ya mtu huelekea wema. Hoja yake aliijenga juu ya kisa. Mtu yeyote akimwona ghafla mtoto mdogo anakaribia kutumbukia kisimani, moyo wake hushtuka. Hashtuki kwa kutaka urafiki na wazazi wa mtoto, wala kwa kutaka sifa za majirani, wala kwa kuchukizwa na kilio. Hushtuka tu. Mshtuko huo, kwa Mencius, ni chipukizi la utu. Akataja machipukizi manne: huruma, haya, staha, na uwezo wa kupambanua jema na baya. Malezi ni kuyatunza yakue.

Gaozi aliishi zama hizo na hakukubaliana naye. Alisema maumbile ya mtu ni kama mti, na wema ni kama vikombe na mabakuli yanayochongwa kutokana na mti huo. Mencius akamwuliza: je, unaweza kuvipata vikombe bila kuujeruhi mti? Na ikiwa huwezi, basi itabidi mtu naye ajeruhiwe ndipo awe mwema?

Karne moja baadaye alikuja Xunzi, naye pia alijihesabu kuwa mfuasi wa Confucius. Alisema maumbile ya mtu ni mabaya, na kwamba wema ni kazi ya mikono na juhudi. Mti uliopinda haunyooki mpaka upashwe mvuke na kubanwa. Chuma butu hakipati makali mpaka kinolewe. Kama watu wangezaliwa wema, aliuliza, wafalme na kaida za adabu zingekuwa na kazi gani? Hakukimbia swali gumu lililofuata: kama wote huzaliwa wabaya, wahenga wa kwanza waliutoa wapi wema waliowafundisha wengine? Akajibu kwamba mfinyanzi hufinyanga chungu kwa udongo, na chungu hicho hakitoki katika maumbile ya mfinyanzi. Kwake yeye, wahenga walizaliwa kama watu wengine, na kilichowainua ni juhudi zilizolimbikizwa.

Msomaji anaweza kukubali au kukataa jibu hilo. La muhimu ni kwamba hapa kuna dai, pingamizi, na pingamizi la pingamizi. Na vyote vimejengwa kwa jazanda: mti, kikombe, kisima, chungu. Hakuna hata mmoja wa hawa watatu aliyelazimika kuitoroka tamathali ili awaze.

Methali katika Jedwali

Sasa mwanafunzi na azirudie methali anazozijua. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika tasnifu nyingi, methali hizi hupangwa katika jedwali moja chini ya kichwa “malezi”, na mtafiti akahitimisha kwamba Waswahili huthamini malezi bora. Hitimisho hilo halina kosa la sarufi, lakini halijasema kitu. Ya pili inadai kwamba malezi ndiyo yote. Ya tatu inadai kwamba malezi si kitu, kwani asili haifichiki. Haziwezi kuwa kweli zote mbili kwa maana moja na kwa wakati mmoja. Aliyeziweka safu moja ameuzima ugomvi kabla haujasikika.

Methali ya samaki nayo ina mengi zaidi ikiwekwa karibu na mti wa Xunzi. Zote mbili zinakubaliana kwamba mtu hukunjwa, yaani umbo jema hutoka nje yake. Lakini zinatofautiana kuhusu wakati. Samaki akikauka, hakunjiki, ukimlazimisha atavunjika. Mti wa Xunzi hupashwa mvuke, na mvuke una kazi hata kwa mti uliokwisha kukomaa. Ndiyo maana Xunzi aliamini kwamba mtu yeyote wa njiani anaweza kuwa mhenga akijibidiisha, na kwamba kujifunza hakuna mwisho. Methali ya Kiswahili inafunga mlango mapema zaidi. Je, ni kweli kwamba mtu mzima hafunziki? Kama si kweli, Waswahili wana methali gani ya kuipinga hiyo? Ipo: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu huo humfunza mtu akiwa mzima, tena kwa ukali. Tayari hapa pana mjadala, na pande zote zimo ndani ya Kiswahili.

Mjadala huu hauishii vitabuni. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya kiboko shuleni mwaka 2001. Tangu hapo, kila panapotokea utovu wa nidhamu shuleni, wapo wanaotaka kiboko kirudi, na methali ya samaki hutajwa kana kwamba imekwisha kuumaliza ubishi. Msomi wa Kiswahili ndiye anayepaswa kusimama hapo na kusema kwamba methali ni upande mmoja wa shauri. Swali la Mencius kwa Gaozi ndilo swali lenyewe la kiboko: je, lazima mti ujeruhiwe? Mencius anasimulia pia kuhusu mkulima aliyeona miche yake inachelewa kukua, akaivuta mmoja mmoja ili aisaidie. Alirudi nyumbani hoi, akajisifu kwa kazi aliyoifanya. Mwanawe alipokimbilia shambani alikuta miche imenyauka.

Isidhaniwe kwamba Waswahili wamekosa utamaduni wa kuhojiana. Malumbano ya washairi ni ya tangu jadi. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutumia ushairi wake kujibizana na wapinzani, na kurasa za mashairi magazetini ziliuendeleza mtindo huo kwa miongo mingi. Kasoro haiko katika utamaduni. Iko katika jedwali la mtafiti.

Ufafanuzi na Mwongozo

Somo la pili linamgusa mwanafunzi wa fasihi moja kwa moja. Nchini Uchina, sehemu kubwa ya falsafa iliandikwa kama ufafanuzi wa matini za kale. Wang Bi alifariki mwaka 249 akiwa na umri wa miaka 23, na ufafanuzi wake wa kitabu cha Laozi unasomwa hadi leo kama kazi ya kifalsafa kwa haki yake. Zhu Xi, aliyeishi kati ya mwaka 1130 na 1200, aliujenga mfumo mzima wa fikra kwa kufafanua vitabu vinne, vikiwemo vya Confucius na Mencius. Huko, mhakiki hakuhesabiwa kuwa mtumishi anayesubiri mwanafalsafa apite.

Uhakiki wa Kiswahili unaweza kujitazama katika kioo hicho. Anayeifafanua Al-Inkishafi, utenzi unaoutazama uharibifu wa fahari ya Pate na kuuhoji moyo wa mwanadamu, anashughulikia swali la mauti na thamani ya mali. Hana haja ya kuomba ruhusa kwa idara nyingine. Euphrase Kezilahabi alikwisha kuionyesha njia. Tasnifu yake ya mwaka 1985 iliunganisha falsafa ya Kiafrika na suala la ufasiri wa fasihi, na riwaya zake Nagona na Mzingile zikawaacha wasomaji wakiwaza hadi leo.

Lakini Uchina inatoa onyo pia. Kuanzia mwaka 1313 hadi mitihani ya kifalme ilipofutwa mwaka 1905, ufafanuzi wa Zhu Xi ulikuwa ndio msingi wa kutahini watumishi wa dola. Kile kilichoanza kama kuwaza kikawa jibu la kukariri. Mwanafunzi wa Kenya aliyepitia mtihani wa kidato cha nne anaujua ugonjwa huo kwa jina jingine: mwongozo. Vitabu teule husomwa na wachache, miongozo yao husomwa na wengi. Ufafanuzi ule ule unaweza kuwa falsafa au kuwa pingu, kutegemea kama msomaji anaruhusiwa kuujibu.

Utu na Ren

Fauka ya hayo, kuna suala la lugha. Dhana kuu ya Confucius ni ren. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika nayo kwa muda mrefu, huyu akitumia neno hili na yule lile. Kwa Kichina, neno hilo hutamkwa sawasawa na neno lenye maana ya mtu, na alama yake ya maandishi huunganisha alama ya mtu na ile ya mbili. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika. Anao “mtu” na anao “utu”, na mmoja umetokana na mwingine mbele ya macho yake. Shaaban Robert alimpa mhusika wake jina la Utubora akijua wazi uzito wa mzizi huo. Hapa tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kichina hadi Kiswahili ingepata kitu ambacho hupotea njiani inapopitia Kiingereza.

Hata hivyo, urahisi huo una mtego wake. Kuona ren ikifanana na utu, kisha kutangaza kwamba Waafrika na Wachina ni ndugu kifikra, ni kulirudia kosa la jedwali. Wachina wenyewe waligombana juu ya upana wa ren. Wafuasi wa Confucius walisema upendo huanzia kwa wazazi na jamaa, kisha hupungua kadiri unavyotoka nje. Mozi, katika karne ya 5 K.K., aliupinga upendo wa namna hiyo. Alisema kupendelea walio wako ndicho chanzo cha wizi, ugomvi na vita, na akataka kila mtu aijali nyumba ya mwenzake kama anavyoijali yake. Aliyapinga hata mazishi ya gharama kubwa na matanga ya miaka mitatu. Sasa utu wa Kiswahili uko upande gani? Waswahili husema mtu ni watu, lakini hawajasema ni watu gani. Katika nchi iliyoona majirani wakigeukiana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hilo si swali la kupitisha muda.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kumsoma Confucius ni kuitumikia dola ya kigeni. Hofu hiyo ina msingi. Katika miaka ya 1960, fikra za Kichina zilizomfikia msomaji kwa Kiswahili sanifu zilikuwa hasa maneno ya Mao, yaliyotafsiriwa na kuchapishwa Beijing. Mwaka 1973 na 1974, dola hiyo hiyo iliendesha kampeni ya kumlaani Confucius. Miaka thelathini baadaye, kuanzia mwaka 2004, ikaliweka jina lake kwenye taasisi zake kote ulimwenguni. Jambo hili linathibitisha kwamba jina la mtu linaweza kutumiwa bila maandishi yake kusomwa. Dawa yake ni kuyasoma, tena pamoja na maandishi ya wapinzani wake.

Wengine watasema kwamba urithi wa Kiswahili wenyewe bado haujachimbuliwa wa kutosha, na mwacha mila ni mtumwa. Lakini darasa la fasihi limekwisha kuukaribisha ufomalisti wa Kirusi, umuundo wa Kifaransa, Umarx na udhanaishi, na hapakuwa na aliyelia kwamba mila imeachwa. Aristotle hunukuliwa katika tasnifu za Kiswahili kupitia tafsiri ya Kiingereza ya maandishi ya Kigiriki. Kama mlango uko wazi kwa hao, ni vigumu kueleza kwa nini ufungwe kwa Mencius.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: wasomi wa Kiswahili wanaojua Kichina cha kale ni wachache mno. Kusoma kwa tafsiri ya Kiingereza ni kuanza tu. Basi baadhi ya wale wanaoingia katika madarasa ya Kichina kwa ajili ya ajira washawishiwe kuendelea hadi kwenye matini zenyewe.

Hatua za kwanza haziihitaji bajeti kubwa. Chama cha wanafunzi kinaweza kutenga semina ya muhula mmoja ambapo mabishano ya Mencius, Gaozi na Xunzi yatasomwa sambamba na methali za malezi. Kurasa chache za mabishano hayo zinaweza kutafsiriwa, na tafsiri zikalinganishwa mbele ya wahadhiri. Na kila mtafiti wa methali anaweza kujiwekea sharti moja dogo: asiitaje methali yoyote kama ushahidi wa falsafa ya jamii mpaka awe ameitafuta inayoipinga, akaeleza ni ipi kati ya hizo anayoiona na nguvu, na kwa nini. Akifanya hivyo, atakuwa ameipata sehemu ya ile elimu ya Uchina, na atakuwa ameitumia kuisikia upya lugha yake mwenyewe.